Walinzi Waliolala Damuni

Asubuhi ile Subilaga aliinama kuokota kijiko kilichoanguka chini ya meza, akainuka bila kushika ukuta. Akabaki amesimama katikati ya jiko, kijiko mkononi, ameganda. Akainama tena, safari hii kwa makusudi, akainuka. Magoti yalikuwa kimya. Hayakuuma, hayakulia kama mlango wenye kutu.

"Bwana," alisema kwa sauti, "umepita humu ndani saa ngapi?"

Alipiga magoti palepale kwenye saruji, mahali ambapo kwa miaka mingi hakuthubutu kupiga magoti bila kutanguliza mto, akashukuru mpaka maharage yakaanza kunuka kuungua. Kisha akajifunga kitenge kizuri na kushuka kituo cha afya. Alitaka kutoa ushuhuda. Nesi Ikupa alikuwa msichana mwema, lakini hakuwa mtu wa kanisani sana, na Subilaga aliona huu ndio wakati wake.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mama, juzi ulipofaulu mtihani nilikufungulia Daraja la Pili. Unakumbuka nilikugusisha kile kibao?"

"Nakumbuka. Nilidhani ni cha kuandikisha jina."

"Ni ufunguo. Walinzi wako wameamka."

Walinzi Subilaga aliwajua, kama kila mtu alivyowajua. Ni chembe ndogo kuliko vumbi, ambazo kila mtoto hudungwa pamoja na chanjo zake za kwanza. Akijikata na kisu, jeraha hufunga kabla ya jua kuzama. Malaria alikuwa ameisikia kwenye hadithi za bibi yake tu. Hiyo ilikuwa kazi ya Daraja la Kwanza, na watu wote walikuwa nalo. Daraja la Pili na la Tatu yalikuwa ya wasomi. Alichojua yeye ni kwamba wasomi hupewa dawa bora zaidi. Ndiyo maana afisa mtendaji mstaafu, mzee kuliko baba yake, alikuwa bado anacheza mpira na wajukuu.

"Kwa hiyo ulinidunga dawa nyingine siku ile?"

"Hapana, mama. Sikukudunga kitu."

"Basi hii ya magoti imetoka wapi?"

Nesi Ikupa aligusa ukuta, na ukuta ukawaka. Picha ya mwili wa Subilaga ikasimama pale kama kivuli chenye nuru ndani. Kwenye magoti chembe za bluu zilikuwa zikitembea polepole. Kwenye moyo zilisongamana kama nyuki kwenye mzinga.

"Walinzi ni walewale," nesi alisema. "Wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu ni kitu kimoja. Wote wamo ndani ya kila mtu. Kinachotofautisha ni ufunguo tu."

Subilaga alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Dawa ya magoti yangu ilikuwa ndani yangu?"

"Ilikuwemo."

"Tangu lini?"

"Tangu ukiwa mchanga mgongoni mwa mama yako. Na hapa moyoni, mama, kuna mlango mwembamba uliozaliwa nao. Hata hukujua kwamba unaumwa. Sasa wanaushona upya. Ni kazi ndefu, itakwenda mpaka mavuno ya chai yajayo."

Subilaga hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anamwona mumewe, Ambwene, amelala kwenye benchi la kituo hikihiki, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umekufa kabla yake. Aliomba kando ya benchi lile mpaka sauti ikamwisha.

"Na Ambwene?" aliuliza. "Naye alikuwa nayo?"

Nesi aligeukia dirisha, ambako ukungu ulikuwa unapanda kutoka mashamba ya chai.

"Alikuwa nayo, mama."

"Ya kuzuia ile damu isigande kichwani?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwa imelala."

"Ilikuwa imelala."

Ukutani zile chembe za bluu ziliendelea na kazi yao, hazikujali.

"Sheria hii ilianza kwa huruma," nesi alisema haraka, kama mtu anayejitetea mbele ya mama mkwe. "Mwanzoni walimwamshia kila mtu. Walinzi wakifanya kazi kubwa, mwili huchemka. Watu wakadhani ni homa, wakameza vidonge vya kushusha joto. Vidonge vikawavuruga walinzi, wakala maini ya watu. Walikufa wengi sana. Ndipo ikaamuliwa kwamba kwanza mtu ajifunze mwili wake, afanye mtihani, afunguliwe. Wanaosoma sekondari hufunguliwa hukohuko, hata hawajui kwamba wamefunguliwa."

"Na sisi ambao hatukusoma?"

"Kuna madarasa ya jioni. Si ndiko ulikotoka wewe?"

Ndiko alikotoka. Alijiunga baada ya kumzika Ambwene, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno jioni. Hakujiunga kwa ajili ya moyo wake. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba nyuma ya mlango wa darasa lile kuna uhai.

Alisimama. Magoti yalimwinua bila shida, naye akayachukia.

*

Darasa la jioni lilikuwa katika chumba cha kupimia chai kiwandani. Mizani ya zamani bado ilining'inia darini, na harufu ya majani makavu haikutoka kwenye nguo. Mwalimu Gwamaka alifundisha kama walimu wote wa wilaya ile walivyofundisha: alianza neno, darasa likalimaliza.

"Figo zinachuja daaa..."

"Damu!"

"Taka zinatoka kwenye mkooo..."

"Mkojo!"

Sauti ya kwanza kila mara ilikuwa ya Tusekile. Alikuwa dada wa Ambwene, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuvunja vikombe. Siku hizi alivaa makubazi ya marehemu kaka yake, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na viatu vyake vilikataa kuingia. Alipochoka sana aliegemea gunia la chai, lakini hata akiwa ameegemea, hakuna aliyemtangulia kujibu.

"Tusekile, waachie na wenzako," mwalimu alisema.

"Waachiwe kitu gani, mwalimu? Wamelala! Huyu Subilaga tangu afaulu anakuja kutalii tu. Mtazame anavyokaa, kama mke wa mkuu wa wilaya."

Darasa lilicheka. Subilaga hakucheka. Kwenye ukuta wa nesi alikuwa ameomba aonyeshwe figo za Tusekile, na Tusekile mwenyewe akaridhia kwa mzaha. Figo zilikuwa nyeusi kama mabonde ya mto uliokauka. Kandokando yake walinzi walikuwa wamejipanga, wengi, wametulia, wakingoja kuambiwa. Nesi alisema zimebaki wiki chache.

Siku ya Jumamosi walikaa barazani kwa Subilaga, wakimenya ndizi.

"Haya, wifi, tujipime," Subilaga alisema. "Figo zina kazi gani mwilini?"

Tusekile alimtazama. Kisu kilisimama juu ya ndizi.

"Endelea," alisema.

"Nimemaliza. Jibu."

"Hujamaliza. Umeuliza tu ukaniacha hewani. Anza, nami nimalize."

"Kwenye mtihani hakuna wa kukuanzia. Mtahini anauliza, wewe unajibu."

"Basi niulize vizuri!"

"Figo zina kazi gani mwilini, wifi?"

Tusekile alifungua mdomo, ukabaki wazi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alikuwa analijua jibu. Subilaga aliona kabisa kwamba analijua, limesimama nyuma ya meno yake kama mbuzi mbele ya mlango uliofungwa.

"Figo zinachuja da..." Subilaga alinong'ona.

"Damu!" Tusekile alipayuka, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Umeona? Sijasahau kitu! Ninyi mnadhani Tusekile ni mjinga."

Subilaga aliweka ndizi chini. Yeye mwenyewe alifaulu kwa njia ambayo hakuwahi kuifikiria. Alipokuwa akichuma chai alizoea kumsimulia Mungu mambo yote, na baada ya kuanza darasa akawa anamsimulia masomo pia: Bwana, leo nimeambiwa moyo una vyumba vinne, na damu huingia hivi na kutoka hivi. Mungu hakuwahi kumwanzia neno. Ilimbidi aseme mwenyewe tangu mwanzo mpaka amina. Tusekile hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa mtu wa kwaya, na sala zake zilikuwa fupi kama za mtu anayepita njia: Bwana, unaniona, mimi niko hapa.

Walijaribu kila siku, bila mafanikio. Na miguu ya Tusekile ilizidi kuvimba.

*

Siku ya mtihani Nesi Ikupa aliwasomea masharti ukumbini, mbele ya mlango mweupe. Mtahiniwa anaruhusiwa kuingia na mdhamini mmoja aliyekwisha kufunguliwa. Mdhamini anaweza kumshika mkono. Anaweza kuomba kwa sauti, kwa dini yake, kwa sababu wachungaji na masheikh walidai haki hiyo tangu mwanzo na sala haikatizwi. Lakini mdhamini akimsaidia mtahiniwa kujibu, mdhamini atafungwa walinzi wake, na hatafunguliwa tena.

"Na mtahiniwa?" Subilaga aliuliza.

"Jibu likitoka kinywani mwake linahesabiwa."

"Anayeadhibiwa ni mdhamini peke yake?"

"Waliotunga sheria waliona inatosha," nesi alisema. "Nani aliyefunguliwa atakubali kufungwa tena?"

Tusekile alikuwa amekaa kwenye benchi, macho yamefumba, akipumua kama aliyebeba mzigo kichwani. Nesi alimvuta Subilaga pembeni, karibu na ndoo za maji ya kunawa.

"Mama, nisikilize. Wadhamini wengi huomba sana humo ndani. Wanaomba kwa vituo. Unanielewa? Bwana, uliyeumba mapafu yavute he... halafu wananyamaza kidogo. Mtahini husikia sauti, anauliza kama ni sala. Unasema ndiyo. Hana namna ya kukupima hapo. Neno moja tu, yamekwisha."

"Nami nikisema si sala?"

"Usiseme hivyo." Nesi alimshika mkono. "Moyo wako umefika nusu. Ule mlango wameufungua, hawajaushona. Ukifungwa leo, utaachwa hivyo. Ni vibaya kuliko wasingeanza kabisa. Unanisikia, mama? Ni vibaya kuliko wasingeanza."

Mlango mweupe ukafunguka wenyewe.

Chumba kilikuwa kidogo, safi, na kiti kimoja cha mtahiniwa. Mtahini hakuwa na uso. Alikuwa sauti tu, ya upole, isiyo na umri.

"Karibu, Tusekile. Eleza kazi ya figo."

Tusekile alikamata vidole vya Subilaga. Mahali fulani ukutani kitu kililia taratibu, kama tone la maji.

"Sijasikia jibu. Nitarudia mara moja. Eleza kazi ya figo."

Mkono wa Tusekile ulikuwa wa baridi. Aligeuza macho kwa Subilaga, na ndani ya macho yale hapakuwa na mzaha hata kidogo. Yalikuwa macho ya Ambwene kwenye benchi.

Subilaga alifumba yake. "Baba wa mbinguni," alianza, na sauti yake ikajaa chumba kama siku zote, "wewe uliyemuumba mtumishi wako, ukaziweka fi..."

Akanyamaza.

Alihisi kama ameingiza mkono kwenye kikapu cha sadaka na vidole vyake vimekwisha kushika kitu. Maisha yake yote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuwahi kusema uongo. Alikuwa amemdanganya mumewe juu ya bei ya vitenge, mkwewe juu ya chumvi, msimamizi wa chai juu ya mgongo. Lakini hapa, katika sala, hakuwahi. Alipokuwa akilia juu ya Ambwene, kitu pekee kilichomzuia asiingie wazimu ni kwamba alijua anayesema naye anamwamini.

"Amina," alisema.

"Wifi?" Tusekile alinong'ona. "Wifi, usiniache."

Subilaga alifumbua macho. Aliitazama ile sehemu ya ukuta ilikotoka sauti, akamgeukia Tusekile, akasema wazi, kama Mwalimu Gwamaka:

"Figo zinachuja daaa..."

"Damu!"

"Sauti ya mdhamini imesikika," Mtahini alisema. "Je, hiyo ilikuwa sala?"

Nje ya mlango kitu kilianguka. Bila shaka Nesi Ikupa alikuwa anasikiliza.

"Hapana," Subilaga alisema. "Nimeomba, nikamaliza. Hii si sala. Namsaidia wifi yangu."

"Mdhamini, unathibitisha?"

"Nimekwisha kusema."

Hakuhisi maumivu. Alihisi kimya, kama pale mashine za kiwanda zinapozimwa na ndipo mtu anapogundua kwamba zilikuwa zikinguruma siku nzima. Kimya kilianzia kifuani, kikashuka mpaka magotini, kikakaa hapo.

"Mdhamini amefungwa. Jibu la mtahiniwa limehesabiwa. Tusekile, eleza taka za mwili hutoka kwa njia gani."

Tusekile alikuwa anamtazama wifi yake, mdomo wazi, machozi yakishuka mpaka kidevuni.

"Nitazame mimi, usiutazame ukuta," Subilaga alisema. "Tusipoteze wakati. Taka zinatoka kwenye mkooo..."

"Mkojo," Tusekile alilia. "Na jasho! Na pumzi!"

Wakaenda hivyo, mmoja akianza, mwingine akimaliza, mapafu, ini, mishipa. Mtahini hakuuliza tena kuhusu sala. Hakuwa na cha kumnyang'anya mdhamini. Kisha likaja swali ambalo halikuwa kwenye masomo, wala Subilaga hakuulizwa siku ya mtihani wake.

"Swali la mwisho. Walinzi wako wameamka na mwili wako unachemka. Kabatini una vidonge vya homa. Utafanya nini?"

Subilaga alitafuta neno la kuanzia, hakulipata. Hakuwahi kufundishwa wimbo wa swali hilo; habari za vidonge alizisikia kwa nesi tu, akamsimulia wifi yake mara moja. Alimgeukia Tusekile kwa hofu.

Lakini Tusekile alikuwa amekasirika, na hasira haingoji kuanziwa.

"Vidonge nitavitupa chooni!" alifoka. "Nitakaa nichemke! Nitakunywa maji, nitalala, nikizidiwa nitamwita huyu wifi yangu mwendawazimu aje akae nami, kama bado yuko hai! Hilo nalo la kuuliza?"

Kibao kikawaka ukutani.

"Umefaulu," ilisema ile sauti ya upole. "Weka mkono kwenye kibao."

*

Ukumbini Nesi Ikupa aliokota ndoo iliyopinduka, hakuweza kuwatazama.

"Neno moja, mama," alisema. "Wote wanalisema. Hata wachungaji wanalisema."

"Kila mtu na anayesema naye, mwanangu."

Tusekile hakuaga. Alitoka nje, makubazi yakipiga sakafu, na aliposhika barabara ya kupanda kijijini ndipo alipoanza.

"Mwendawazimu! Nani alikutuma? Mimi nimekwambia ufe? Una kichwa cha jiwe kama Ambwene! Ungesema ndiyo tu, ndiyo, hata mtoto anajua kusema ndiyo! Mungu gani huyo anayetaka umwambie ukuta ukweli?"

Subilaga alimfuata polepole. Barabara ilikuwa mwinuko, na matope yalikuwa bado ya mvua ya asubuhi. Tusekile alikwenda mbele akifoka, akirusha mikono, akiwataja marehemu wote wa ukoo mmoja mmoja kuwa mashahidi. Alipita kalavati. Akapita kona ya miparachichi, mahali alipozoea kuketi na kutema mate na kusema mlima huu utaniua. Hakuketi. Alikuwa bado anafoka.

Juu kabisa, karibu na shamba la chai, sauti yake ilikatika.

Alisimama. Aliweka mkono kifuani, akausikiliza moyo. Kazi ya kwanza ya walinzi ni kusafisha damu, na huifanya upesi. Tusekile alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akavuta nyingine. Alitazama miguu yake, kisha barabara aliyoipanda. Hakuwa amepumzika hata mahali pamoja. Alianza kucheka, akageuka ili amwonyeshe wifi yake.

Subilaga alikuwa mbali chini, amekaa kwenye kalavati. Mkono mmoja ulikuwa kwenye goti. Mwingine ulikuwa umebana kifua, upande wa kushoto, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.

Tusekile alishuka mbio. Hakuwa amekimbia tangu utoto wa binti yake wa kwanza.

"Magoti?" aliuliza. "Ni magoti tu, siyo?"

"Na magoti."

"Moyo wako walikuwa wamefika wapi?"

"Nipe mkono, wifi, twende. Mvua inarudi."

"Nakuuliza, walikuwa wamefika wapi!"

"Nusu," Subilaga alisema.

Tusekile alisimama pale na pumzi zake mpya, amejaa hewa, hajui aipeleke wapi. Kisha akaketi kwenye matope katikati ya barabara, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe. Lilikuwa yowe lile ambalo wanawake wa huku hupiga mbele ya nyumba yenye maiti, refu, linalokwenda mpaka ng'ambo ya bonde. Wachuma chai waliinua vichwa. Wanawake waliokuwa wakishuka sokoni na mikungu ya ndizi waliitua chini mmoja baada ya mwingine, wakavua kanga mabegani wakajifunga viunoni, wakaja wakikimbia.

"Nani?" waliuliza kutoka mbali. "Jamani, ni nani amefariki?"

Subilaga alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki ameketi. Aliinua mkono mmoja kuwatuliza.

"Hakuna msiba, ndugu zangu," alisema. "Wifi yangu amepona."